Njia ya Msimamizi Iwe Fupi na Ijulikane

Mazungumzo na makatibu, waweka hazina na watunza kompyuta wa vikundi vya kujisaidia



   

Katika vikao vilivyopita tumezungumza juu ya kuku, juu ya mboji, na juu ya kuweka vitabu vya hesabu. Mada ya leo ni ngeni kidogo, lakini ni ndugu wa kitabu cha hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa daftari za vikundi vingi zimehamia kwenye kompyuta: akiba ya kila mwanachama, mikopo, riba, faini, hata nambari za vitambulisho. Basi ni lazima tujue ni nani anaweza kulifungua daftari hilo na kulibadilisha, na anapitia wapi.

Tutazungumza juu ya kompyuta zinazotumia Linux, hasa ile aina inayoitwa Ubuntu, kwa sababu ndiyo wengi wenu mnayo. Haidai ada ya leseni. Na jina lake si geni kwetu, kwani limetoka kwa lugha za Kizulu na Kixhosa huko Afrika Kusini, ambazo ni jamaa za Kiswahili. Maana yake ni utu.

MSIMAMIZI NI NANI?

Linux ilifuata nyayo za mtambo mwingine uitwao Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani. Tangu hapo kumekuwa na watumiaji wa namna mbili. Kuna mtumiaji wa kawaida, ambaye anatawala faili zake tu. Halafu kuna msimamizi mkuu, anayeitwa root. Huyu mtambo haumkatalii karibu jambo lolote. Anaweza kusoma faili ya mtu yeyote, kuibadilisha, kuifuta, na kubadilisha maneno ya siri ya wengine.

Kwenye benki, kikundi huwa na watia sahihi watatu. Mmoja peke yake hawezi kutoa pesa. Kwenye kompyuta si hivyo. Root ni mtia sahihi mmoja, tena hana wa kumzuia. Ndiyo maana Ubuntu haimpi root neno la siri tangu mwanzo. Badala yake kuna amri iitwayo sudo, iliyoandikwa mara ya kwanza mnamo mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kule Buffalo. Sudo humruhusu mtumiaji aliyeaminiwa kuazima uwezo wa root kwa amri moja, akitumia neno lake mwenyewe la siri. Na huandika kwenye kumbukumbu ni nani aliyeomba, saa ngapi, na kwa amri gani. Huo ni utaratibu mzuri. Lakini una mlango mmoja ambao watu wengi hawauangalii, nao ndio uliotuleta hapa leo.

MTOTO ALIYETUMWA CHUMVI

Mkifungua lile dirisha la kuandikia amri, mnaandika neno fupi, kwa mfano ls, na kompyuta inawaonyesha majina ya faili. Je, imeijuaje ls? Ukweli ni kwamba haijui. Hiyo ls ni programu iliyowekwa mahali fulani ndani ya mashine, na kompyuta inaenda kuitafuta.

Ni kama mtoto unayemtuma chumvi. Unampa orodha ya maduka: anzia kwa Mama Fulani, usipopata nenda duka la pili, halafu la tatu. Mtoto anaenda kwa mpango huo huo. Duka la kwanza lenye kopo lililoandikwa "chumvi", anachukua hapo na kurudi mbio. Haonji. Haulizi. Akisoma jina tu, mambo kwisha.

Orodha ya maduka hayo kwenye kompyuta inaitwa PATH, yaani njia. Ukitaka kuiona yako, andika:

echo $PATH

Utaona majina ya folda yaliyotenganishwa kwa nukta mbili, hivi:

/usr/local/sbin:/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin

Huenda zikafuata nyingine. Kompyuta inaanzia kushoto kwenda kulia, na programu ya kwanza yenye jina lile ndiyo inayofanya kazi. Zile folda zenye sbin zina programu za usimamizi, kama vile kuongeza watumiaji. Zile za bin zina programu za kila mtu.

Sasa tujiulize. Mtoto akiletewa kopo la sumu lililoandikwa "chumvi" na kuwekwa katika duka la kwanza, atajuaje? Hatajua. Na aliyemtuma akiwa ni root, sumu hiyo imeingia jikoni kwa nguvu zote za root.

NUKTA NDOGO, HATARI KUBWA

Katika kituo kimoja tulichotembelea, tulikuta njia ya msimamizi imeanza na nukta moja, hivi: .:/usr/local/sbin na kuendelea. Nukta hiyo maana yake ni "hapa hapa nilipo", yaani folda yoyote ambayo umesimama ndani yake wakati huo. Tulipouliza, kijana anayetunza kompyuta alitueleza bila kuficha. Alikuwa na programu yake ndogo ya kuhesabu riba, na alichoka kuandika nukta na mkwaju mbele ya jina lake kila mara, yaani ./riba. Kwa hiyo akaongeza nukta kwenye njia, na kazi ikawa rahisi.

Huyo si mwizi, ni mtu wa kazi. Lakini kwenye kompyuta hiyo hiyo kulikuwa na folda ya pamoja ambamo kila mtu aliweka vitu vyake, hata wanafunzi na michezo yao. Tuseme mmoja wao, kwa ubaya ama kwa utundu tu, anaandika programu ndogo, anaiita ls, na kuiacha ndani ya folda hiyo. Siku moja msimamizi anaingia pale na nguvu za root, anaandika ls aone kuna nini. Kompyuta inaanzia kwenye nukta: hapa hapa. Inaikuta ls ya uongo na kuitekeleza. Programu hiyo inampa mwenyewe haki za msimamizi kimya kimya, halafu inaita ls ya kweli ili majina ya faili yatokee kama kawaida. Msimamizi hajaona kitu. Anafunga kompyuta na kwenda kunywa chai.

Wengine husema, basi tuweke nukta mwisho wa njia, ls ya kweli ipatikane kwanza. Hiyo pia haifai. Kidole kinateleza, unaandika sl badala ya ls. Kwenye folda zote za mtambo pengine hakuna sl, na mwisho kompyuta inaangalia hapa hapa. Mjanja amekwisha kuiweka pale inakungoja.

Tena kuna nukta isiyoonekana. Njia ikianza na nukta mbili, ama ikimalizika nazo, ama zikifuatana hivi ::, lile pengo tupu husomwa kama "hapa hapa". Mtu anaweza kuacha pengo hilo bila kujua, kwa kuandika haraka tu. Kwa hiyo tusiangalie nukta pekee, tuangalie na mapengo.

KWA NINI TUNAJALI?

Mtu atasema, sisi ni kikundi kidogo, nani atajisumbua nasi? Fikirini hivi. Mwisho wa mwaka mnagawana akiba. Kitabu cha mama mmoja mjane kinasema jambo moja, kompyuta inasema lingine. Nani atashukiwa kwanza? Ni mweka hazina na mtunza kompyuta, kwa sababu ndio wenye funguo. Hata kama ni wasafi kama pamba, hawana la kuonyesha, maana msimamizi wa uongo anaweza kufuta hata zile kumbukumbu za sudo. Tumeona vikundi vikivunjika kwa kiasi kidogo cha pesa. Si pesa iliyovivunja, ni tuhuma.

Basi kuifunga njia ya msimamizi si kusema kwamba vijana wetu ni wezi. Ni kumlinda mwenye ufunguo asitiliwe shaka bure, na kumwondolea jirani kishawishi. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hapa Kenya inawataka wanaoweka habari za watu wazilinde. Nambari ya kitambulisho ya mwanachama si mali ya katibu. Ameiweka amana tu.

SUDO INAVYOJILINDA

Habari njema ni kwamba waliotengeneza sudo waliiona hatari hii. Ndani ya faili /etc/sudoers kuna mstari kama huu:

Defaults secure_path="/usr/local/sbin:/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin:/snap/bin"

Maana yake, mtu akitumia sudo, amri anayoiomba haitafutwi kwa njia yake mwenyewe. Inatafutwa kwa orodha hii tu. Hata kama njia yake ina nukta ama folda za ajabu ajabu, sudo inaziacha nje. Ni kama kumwambia mtoto: chumvi ya nyumbani nunua popote, lakini dawa ya mgonjwa ni kwenye zahanati peke yake.

Mstari huo usifutwe, na usiongezewe folda iliyo ndani ya /home, wala ya flashi, wala ya pamoja. Ikibidi kuugusa, tumieni amri sudo visudo peke yake. Visudo hukagua maandishi kabla ya kuyahifadhi, na ikiona kosa inakuuliza. Bonyeza e urudi kurekebisha. Usilazimishe kuhifadhi kosa, kwani faili hiyo ikiharibika sudo inaweza kuwakatalia wote, na kikundi kikajifungia nje ya nyumba yake.

Kuhakikisha, andikeni:

sudo printenv PATH

Hiyo itawaonyesha njia ambayo amri za sudo hupewa. Msitumie sudo echo $PATH, maana itawadanganya. Kompyuta huijaza ile $PATH kwanza kwa njia yako ya kawaida, ndipo inaita sudo. Utadhani umeiona njia ya msimamizi, kumbe umeiona yako.

Lakini hapa msikilize vizuri. Sudo yenyewe ni programu. Na yenyewe inatafutwa kwa njia yako wewe mtumiaji. Mtu akiweza kuweka sudo ya uongo mbele ya ile ya kweli, itakuomba neno la siri, utaandika, na ameshalipata. Kwenye Ubuntu, folda za nyumbani kwako ziitwazo bin na .local/bin, zikiwako, huwekwa mbele ya njia yako unapoingia. Kwa hiyo mtu akikaa kwenye akaunti yako dakika mbili tu, anaweza kukutegea. Dawa ni hii: mtunza kompyuta awe na akaunti mbili, moja ya kazi za kila siku na nyingine ya usimamizi, na hiyo ya pili asikae mtu mwingine hata kidogo. Mara kwa mara aandike:

type -a sudo

Jibu liwe /usr/bin/sudo, na pengine /bin/sudo, ambayo ni hiyo hiyo. Likitaja kitu kilicho ndani ya /home, ama likitaja neno alias ama function ambalo hukuliweka, simama hapo. Usiandike neno la siri.

SU NA KISTARI CHAKE

Wale wenu mnaotumia Debian badala ya Ubuntu, huenda mlimpa root neno lake la siri wakati wa kuweka mtambo. Mnaingia kwa amri su. Tangu Debian 10, iliyotoka mwaka 2019, su peke yake inabaki na njia ya mtumiaji wa kawaida. Ndiyo maana mtu anakuwa root, anaandika adduser, na kompyuta inamjibu kwamba amri haipo. Anasema mashine imeharibika, anaanza kuongeza folda kwenye njia ovyo ovyo.

Mashine haijaharibika. Andika su, acha nafasi, kisha kistari:

su -

Kistari hicho kinamaanisha "nianzie upya kama root mwenyewe", na njia ya root inakuja na sbin zote. Bila kistari, unakuwa root mwenye orodha ya maduka ya mtu mwingine.

PROGRAMU ZETU WENYEWE

Je, yule kijana wa programu ya riba afanye nini? Hatumwambii aache ubunifu wake. Programu ikiwa imejaribiwa na kukubaliwa na kikundi, iwekwe mahali pake, yaani /usr/local/bin kama ni ya kila mtu, ama /usr/local/sbin kama ni ya msimamizi. Kwa mfano, programu ya kuweka nakala za vitabu inayoitwa hifadhi:

sudo install -o root -g root -m 755 hifadhi /usr/local/sbin/hifadhi

Sasa mwenye faili ni root, wengine hawawezi kuibadilisha, na mtu akiandika sudo hifadhi inapatikana, kwa sababu folda hiyo tayari imo katika secure_path. Njia haikuongezwa hata hatua moja. Programu ndiyo iliyokuja kwenye njia.

Na ndani ya programu inayofanya kazi kwa nguvu za root, hasa ile inayoenda yenyewe usiku, andikeni jina kamili la kila amri, kwa mfano /usr/bin/rsync badala ya rsync. Ama mwanzoni mwa programu mtaje PATH waziwazi. Ukimtajia mtoto duka, hana haja ya kuzunguka.

UKAGUZI WA KILA MWEZI

Tunapendekeza siku ya kufunga hesabu za mwezi, watu wawili wakae pamoja mbele ya kompyuta, wafanye haya:

1. Waandike sudo printenv PATH, wasome folda moja moja kwa sauti. Kusiwe na nukta, pengo, wala folda ya mtu.

2. Waandike ls -ld /usr/local/sbin /usr/local/bin /usr/sbin /usr/bin. Kila mstari uanze na drwxr-xr-x, na mwenyewe awe root. Herufi w ni ruhusa ya kubadilisha, na kwenye maneno hayo ionekane mara moja tu. Ikionekana mara ya pili ama ya tatu, kuna wengine wanaoweza kuweka vitu humo. Msishtuke mkiangalia /bin ama /sbin na kuona mstari unaoanza na l. Kwenye Ubuntu za siku hizi, hizo ni vibao tu vinavyoelekeza kwa /usr/bin na /usr/sbin.

3. Waangalie faili ambazo mtu anaweza kubadilishia njia: /etc/environment, /etc/profile, /root/.profile na /root/.bashrc. Wajiulize, nani amegusa hapa?

4. Waandike kwenye daftari la karatasi tarehe, walichokiona, na sahihi zao wawili. Ndiyo, karatasi. Daftari hilo root hawezi kulifuta.

Mambo haya manne hayachukui hata nusu saa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Nani katika kikundi chetu anaweza kutumia sudo, na ni kikao gani kilichomchagua? Akihama ama akiolewa mbali, nani atamwondoa kwenye orodha? Je, kuna folda ya pamoja kwenye kompyuta yetu, na msimamizi huingia humo akiwa na nguvu za root? Watu wawili wa ukaguzi ni akina nani?

Wapendwa, katika jamii zetu aliyepewa rungu la mzee haendi kila kilabu nalo. Analibeba barazani, mahali panapojulikana, na wote wanamwona. Uwezo wa msimamizi ni rungu la namna hiyo. Amri zake zitoke mahali pachache, panapojulikana, penye mlango unaofungwa. Hapo mweka hazina atalala usingizi, na yule mama mjane atapata haki yake mwisho wa mwaka bila maneno.